Chupa Nyuma ya Kiti

Juzi nilikuwa duka la spea hapa Busia, nangoja balbu ya pikapu ya mwanangu, nikamwona kijana akinunua vifaa vya ile gesi inayoongeza gari mbio. Mkononi alishika taa za buluu za kupamba chupa ya gesi. Mke wake alisimama kando, amebeba mtoto.

"Chupa inakaa wapi?" muuzaji akauliza.

"Nyuma ya kiti ya mama mtoto."

"Basi acha taa, chukua hii bomba. Gari ikikaa juani kwa foleni ya malori Malaba, chupa inapata moto, kizibo inapasuka, gesi inajaa ndani ya gari, mnakosa hewa. Bomba inaitoa nje."

"Bosi, bomba inapita chini ya gari. Nani ataiona?"

Mke akamhamishia mtoto bega la pili. "Sawa, baba. Chupa weka nyuma ya kiti yako. Taa nitakutazamia mimi."

Kijana akazitazama zile taa, akazirudisha kaunta. "Nifungie bomba."

Mimi sikusoma sana, na gesi ninayoijua ni ya kupikia. Lakini asiyesikia la muuzaji, mhamishie chupa nyuma ya kiti chake. Atasikia.