Niletee Mlima

Kamera niliachiwa na msichana tuliyekaa naye chumba kimoja chuoni, siku alipopata kazi Uarabuni na kuona mzigo wake umezidi. "Chukua ujifunze," aliniambia, "si wewe uko na wakati?" Sidhani alikuwa na nia mbaya. Lakini maneno hayo nimeyageuza na kuyageuza, na mpaka leo sijaamua kama yalikuwa zawadi au kejeli.

Nilirudi nyumbani, juu kidogo ya mji wa Nyeri, na shahada ya takwimu na kamera hiyo. Shahada Baba aliitia kwenye nailoni akaifungia kabatini isiingie unyevu. Kamera nilibaki nayo shingoni. Nilipokuwa nayo watu waliangalia kamera badala ya kuniangalia mimi, wakasahau kuuliza, "Na kazi, bado?" Nikiwa nyuma yake nilikuwa na sababu ya kukunja uso, na hakuna aliyejua kwamba huo ndio uso wangu wa kila siku.

Mtu pekee ambaye sikuhitaji kujificha mbele yake alikuwa Cucu, mama mzazi wa baba. Nimepewa jina lake, kama desturi yetu inavyotaka kwa binti wa kwanza. Kwa sababu hiyo Baba na ndugu zake huniita maitu, yaani mama yangu, na Cucu mwenyewe huniita "mimi". "Mimi amekuja?" huuliza akisikia mlango. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga jicho la kushoto kabisa, na la kulia liliona kama kwa kupitia utando wa maziwa. Mbele yake nilikuwa sauti tu. Sauti najua kuichangamsha.

Mwanzoni nilipiga picha za umande na maua, kwa kuwa niliona wengine wakipiga umande na maua. Zilitoka nzuri, na hazikunihusu. Kisha siku moja Cucu akauliza ni nini hicho kinacholia ka, ka, ka uani. Nilihamisha picha ya ng'ombe wetu hadi kwenye simu, nikaivuta kwa vidole viwili mpaka paji la ng'ombe likajaa kioo, nikamshikisha. Akaisogeza hadi karibu iguse pua. Alimkamua ng'ombe yule kila asubuhi kwa kupapasa.

"Kumbe doa lake jeupe bado liko," alisema. Akakaa na simu kwa muda. Kisha akasema, "Niletee mlima."

Kutoka kwetu mlima huonekana alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika. Tatizo ni kwamba jua huchomoza nyuma yake. Nilipiga nikarudi na kipande cheusi chini ya anga nyeupe. Cucu alikiangalia kwa subira. "Umeniletea giza," alisema. "Giza niko nalo." Nikasoma, nikajaribu tena, nikagundua kwamba ilinipasa nitoke kabla jua halijafika kileleni, nishike kamera juu ya nguzo ya zizi isitikisike, niache mwanga uingie polepole. Asubuhi moja vile vilele vilitoka, na ule mstari mdogo wa theluji. Cucu aliupitisha kidole. "Imepungua sana," alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia jirani aliyekonda.

Baada ya hapo maagizo hayakuisha. Niletee nduma za kule mtoni. Niletee ua wa miiba ya kaiyaba, nione kama una mwanya. Niletee mahali Guka amelala. Picha ya kaburi la babu ilimwonyesha magugu, na Baba akatumwa na jembe siku hiyo hiyo. Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Picha ikiwa mbaya, Cucu haoni. Ikiwa nzuri, kuna mtu anaenda kupalilia.

Wakati huo familia ilikuwa imembembeleza mpaka akakubali kufanyiwa upasuaji wa jicho la kulia hospitalini mjini, Jumatatu. Haikuwa rahisi. Guka alikwenda hospitali kwa miguu yake mwenyewe, akiwa na kikohozi, na hakurudi kwa miguu yake. Daktari alikuwa amesema tusichelewe, kwa kuwa jicho hilo likifunga kama la kushoto atabaki gizani. Cucu alikuwa ameshapanga nguo zake kwenye mkoba.

Jumamosi nilitaka kitu ambacho hakuniagiza. Nilitaka yeye. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe kwa vidole, uso umeelekea jua, na nikampiga picha kabla hajajua. Ilikuwa picha ya kwanza niliyoipiga bila kufikiri. Kufikiri kulikuja baadaye. Sweta lake la zambarau lilipigana na mlango wa kijani, nikajaribu kupunguza rangi, nikaongeza, nikapunguza, mwisho nikaziondoa zote. Akabaki kijivu, mikunjo yote wazi, kama mtu aliyechongwa. Nikataka familia ione. Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp niliandika "Mrembo wetu", nikafuta: kujishaua. Nikaandika "Tunakupenda, Cucu", nikafuta: mbona leo? Nikaituma bila neno lolote, nikaacha simu kwenye chaja, nikashuka mtoni kuchimba nduma.

Mtu yeyote wa kwetu angeniambia. Picha ya mzee, isiyo na rangi, isiyo na maneno, siku mbili kabla ya hospitali. Kwetu picha ya namna hiyo ina maana moja tu.

Niliporudi simu ilikuwa moto kwa kulia. Nikapokea. Alikuwa shangazi, anayeuza samaki Sagana.

"Maitu! Maitu, woi!" Sikujua kama ananiita mimi au anamlilia mama yake. "Nani alikuwa na yeye?"

"Wapi, Shangazi?"

"Mwishoni! Nani alikuwa na yeye mwishoni?"

"Mwisho wa nini? Ako hapa, anachambua maharagwe."

"Mpe simu," alisema. Cucu akaipokea, akaielekeza sikioni upande usiofaa, akasema kwa nguvu, "Haro?" Shangazi akapiga yowe nikalisikia nikiwa nimesimama kando.

Kabla sijaandika lolote kwenye kikundi, akina mama wa kanisa walikuwa langoni, leso zimefungwa viunoni, na sukari, maziwa na mzigo wa kuni, wakiimba kwa sauti ya chini. Cucu aliinua kichwa. "Wimbo huo ni wa msiba. Nani amekufa?"

Wimbo ukakatika. Jirani yetu, rika lake, ndiye aliyejibu. "Woi, si tumeambiwa ni wewe!"

"Mimi? Na mimi mbona sijaambiwa?"

Walicheka mpaka wakakaa chini. Walipika chai kwa sukari ile ile ya msiba, wakanywa, wakamtania kwamba sasa hatapata tena kuni zingine siku yake ikifika. Baba mdogo, anayenunua mbuzi Doldol, alikuwa ameshafika Nanyuki habari za kweli zilipomfikia. "Nimewaacha mbuzi wa watu wamefungwa kwenye ua wa soko," aliniambia kwenye simu. "Sasa utakuja kuwachunga wewe, msomi? Si ulisomea kuhesabu?" Nilicheka naye, kwa kuwa ndivyo inavyopasa.

Cucu naye alicheka, mpaka lango lilipofungwa. Kisha mkono wake ukarudi kwenye maharagwe.

"Mimi," aliniita, "toa nguo zangu kwenye mkoba."

"Kwa nini, Cucu?"

"Mtu haliliwi mara mbili. Mmeshanililia. Nikienda huko nitakuwa namalizia tu."

Jumatatu ikapita. Baba alimsihi, shangazi alipanda kutoka Sagana kumsihi, mchungaji akaja akaomba na kunywa chai. Cucu aliitikia amina na hakusogea. Hakuna aliyenilaumu usoni, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa kuwa nililazimika kujilaumu kwa niaba ya kila mmoja, kwa sauti yake. Jicho lilikuwa likiendelea kufunga. Nilimwona akimimina chai kando ya kikombe, akasikiliza inakodondokea, akasogeza kikombe. Aliacha kuniagiza picha. Nami niliitundika kamera ukutani, nikaanza kuota nikiwa nimepofuka mimi.

Kisha asubuhi moja akauliza, "Ile picha bado iko?"

Nilitaka kusema nimeifuta. Nikampa simu. Aliisogeza hadi puani, akaivuta kwa vidole viwili kama nilivyomfundisha, akaigeuza kuelekea mwanga, akaivuta tena. Sikuwa nimefikiria kwamba zile rangi nilizoziondoa ndizo zilizomsaidia kuona.

"Ni majivu tu," alisema. Akanirudishia. "Wanasema nilikaa kama chifu. Wa Sagana wameniona, wa Doldol wameniona. Ni mimi tu ambaye sijaniona."

Nilikifuta kioo cha simu. Niliogopa kwamba neno lolote langu lingeharibu.

"Mwambie baba yako atafute siku nyingine," alisema. "Na hicho kidude chako kibaki nyumbani."

Kilibaki. Siku hiyo nilikaa kwenye benchi la hospitali bila kitu cha kushika, na nikamzika Cucu kwa kila njia ninayoijua. Alipotolewa na bandeji jichoni, akiuliza chakula, nilikwenda chooni nikatapika. Kesho yake, siku ya kufunguliwa bandeji, nilisema naumwa na tumbo. Baba akampeleka peke yake. Wakarudi jioni nikiwa nimejifunika blanketi, na nilisikia Cucu akipita sebuleni akitaja vitu: kalenda, jagi, buibui.

Aliniita alfajiri. "Mimi, toka nje."

Alikuwa amesimama uani na miwani myeusi ya hospitali, ameelekea mashariki. Pale mlima ulipopasa kuwa kulikuwa na ukuta wa mawingu.

"Uko wapi?"

"Umefunikwa, Cucu. Labda baadaye."

"Basi umenidanganya miezi hii yote. Hakuna mlima." Alikuwa akitania. Nikatoa simu nimwonyeshe ile picha yake, kwa kuwa ndiyo iliyomfanya akubali, na kwa kuwa nilitaka aangalie kitu. Akaisukuma taratibu. "Hiyo itangoja."

Akavua miwani. Akanisogelea hadi pua yake ikakaribia shavu langu, kama alivyozoea, kisha akashtuka kidogo, akarudi nyuma hatua moja, halafu nyingine. Hakuhitaji tena kuwa karibu hivyo.

"Sogea hapo penye mwanga," alisema. "Geuka kidogo. Hapo hapo."

Mkono wangu ukapanda kifuani, mahali kamera huning'inia. Kamera ilikuwa ukutani.

Aliangalia kwa muda mrefu. Uso wake ulianza na tabasamu, na tabasamu likaondoka.

"Hulali," alisema.

"Mimi niko sawa, Cucu," nikasema, kwa ile sauti yangu ya kuchangamka.

"Sijaiuliza sauti."

Akaketi kwenye kigogo cha kukamulia, akasogea upande mmoja kuacha nafasi. Mawingu yalikuwa palepale. Nilisimama kwenye mwanga, mikono mitupu, nikitafuta pa kuanzia.