Mama Seva na Mlango wa Mbali

Kazini walimwita Mama Seva, na jina likamkaa. Alikuwa fundi pekee wa kompyuta katika kampuni ya kusambaza dawa. Seva, kompyuta kuu yenye kumbukumbu zote za ghala, aliijua hadi mlio wa feni yake.

Baba yake alipoteleza bafuni akavunjika nyonga, hakukuwa na mwingine wa kumgeuza kitandani. Mama Seva akaomba afanyie kazi nyumbani. Mkurugenzi akakataa katakata. Fundi aliyetangulia aliwahi kuiacha seva wazi kwa neno la siri jepesi, wezi wa mtandaoni wakaingia, na ghala likasimama. Tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kuiingia ila akiwa ofisini.

Hakubishana. Alimweleza kwamba safari hii kila kitu kingepita kwenye njia iliyofichwa. Kila mtumiaji angekuwa na ufunguo wa kidijitali ndani ya kompyuta yake, na juu ya huo, tarakimu za uthibitisho kwenye simu yake. Neno la siri peke yake lisingemwingiza mtu. Mkurugenzi akakubali, kwa sharti kwamba asifunguliwe yeyote kwa maneno matupu.

Mama Seva aliujaribu mlango mpya akiwa nje ya ofisi, na alipoona unafunguka ndipo akaufunga ule wa zamani wa neno la siri tu, asije akajifungia nje mwenyewe. Kisha akahamia chumbani kwa baba, kompyuta ikiwa juu ya meza ya cherehani.

Asubuhi moja simu ikaita kwa namba ngeni. Alikuwa mkurugenzi, safarini. Mkoba wake ulikuwa umeibwa, na ndani yake simu na kompyuta. Alitaka taarifa za ghala kabla ya mkutano, hivyo afunguliwe mlango wa zamani, kwa leo tu.

"Sauti yangu huijui?"

"Naijua, bosi. Lakini siku hizi hata sauti inaigizwa. Nenda kwenye tawi letu la hapo, mkuu wa tawi akuone kwa macho, halafu yeye anipigie kwa simu ya tawi."

Simu ikakatwa.

Baba alikuwa amesikia yote. "Ndivyo unavyoongea na mkubwa wako?"

"Ndivyo alivyoniagiza mwenyewe, baba."

"Basi nami nikitaka maji nitaandika barua."

Alimletea maji, akarudi kwenye kompyuta. Baadaye mkuu wa tawi akapiga, mkurugenzi yuko mbele yake, na taarifa zikatolewa kwa ufunguo wa mkuu huyo. Mkutano ulikuwa umeshaanza.

Mkurugenzi aliporudi alimnunia, salamu za simu zikawa za juu juu. Mwishowe alimpigia, akamtaka amtengenezee ufunguo mpya, na mhasibu wa kampuni naye apewe wake, ili siku nyingine awepo wa kumtolea taarifa.

"Nilikasirika sana," alisema.

"Nilijua, bosi."

Zaidi ya hapo hawakulizungumza. Baba alipoanza kutembea kwa magongo, alimwambia bintiye arudi ofisini, maana amechoka kusikia vidole vikigongagonga. Akarudi, ila siku za kliniki ya baba alifanyia kazi nyumbani, na hakuna aliyemuuliza.