Nilivyouhamisha mkanda wa singo ya dada kwenye kompyuta, picha haikuharibika (na mimi nikiwa nje)

Wakuu, salaam zenu popote mlipo. Hii si chai. Mashahidi wapo, na wengine ni ndugu zangu wa damu.

Mimi ni mhitimu wa shule ya usiku, cheti kipo ukutani, kwa hiyo anayeandika hapa ni msomi. Lakini huko huko shuleni jamaa wa dawati la nyuma alitwambia kwamba mkanda wa video ukihamishiwa kwenye kompyuta, picha zote zinanyonywa na mkanda unabaki mtupu. Na wanaoanza kufutika ni marehemu, maana hawana uzito.

Niliamini asilimia mia mbili. Hata mtihani sikuwahi kuuamini hivyo.

Sasa nyumbani Mlingotini tuna mkanda mmoja wa kamkoda (kamera ya video ya mkononi), ile midogo ya MiniDV, unaenea kiganjani. Ni singo ya dada yangu Zuhura, alipokuwa anasuguliwa na kuimbiwa kabla ya harusi. Anayeimba mle ni mama yetu. Mama ameshatangulia mbele ya haki, na sauti yake haipo kwingine kokote duniani. Nimetafuta hadi kwenye simu za majirani.

Mwaka huu Rukia, binti wa Zuhura, anaolewa. Bibi yake hakuwahi kumuona. Ombi lake lilikuwa moja: siku ya singo, bibi ndiye amuimbie, kwa hiyo mkanda uhamishiwe kwenye kompyuta.

Nikagoma.

Dada akanitazama, akasema, "We Shabani, umeukalia huo mkanda kama kuku. Utaangua nini?"

Tukakubaliana nusu nusu. Kompyuta hapana, ila Rukia acheze mkanda kwenye TV, arekodi kioo kwa simu. Mimi sikuangalia, maana singo ni ya wanawake na mwanaume hana ruhusa hata akiwa ametoka tumbo lile lile.

Rukia alipoangalia akaniletea majibu. "Mjomba, bibi ana mistari kama pundamilia. Na sauti, kama redio iliyoingia maji."

Hapo nikakubali kompyuta, shingo upande.

Mimi na Zuhura tukabeba kamkoda na mkanda hadi Bagamoyo mjini kwa fundi mmoja, kaka Idi, anayeedit video za harusi. Nikamuonyesha zile waya zangu za kuchomeka kwenye TV, njano, nyekundu na nyeupe. Akazisukuma pembeni.

"Picha kwenye mkanda huu tayari ni digital," akasema. "Ukiipitisha kwenye waya wa njano inageuzwa analogi, halafu kompyuta inaigeuza tena. Kila kugeuza kunakula ubora."

Akatoa waya wa FireWire, akachomeka kwenye ile tundu ya kamkoda iliyoandikwa DV, na upande wa pili kwenye kompyuta yake ya zamani yenye tundu hiyo. Kamkoda akaiweka kwenye umeme, isije ikazima katikati. Akasema faili likae kama lilivyo, DV ndani ya AVI, bila kubanwa upya. Saa moja ya mkanda inakula kama GB 13, kwa hiyo andaeni nafasi. Kubana iwe MP4 ni mwisho kabisa, baada ya kuedit.

Kumbe mkanda wa saa moja unahamishwa kwa saa moja, na lazima mtu akae aangalie picha isikatike.

"Mkanda wa nini?" akauliza.

"Singo."

Akainuka kwenye kiti kama kimeshika moto. "Mimi simo. Dada, kaa hapa."

Akamfundisha Zuhura vitufe viwili, kuanza na kusimamisha. Picha ikikatika vipande vya mraba, asimamishe, arudishe nyuma, aanze tena. Kisha akashusha pazia, tukatoka wanaume wawili kukaa kwenye benchi.

Wakuu, tulikaa pale mwaka mzima ndani ya saa moja.

Nilichojifunza: msirekodi kioo kwa simu, tafuteni FireWire mapema maana kompyuta mpya nyingi hazina tundu hiyo, na huku pwani mikanda ihifadhini pakavu, unyevu unaotesha ukungu. Wenye mikanda kabatini, mmeshindwa wapi? Wekeni hapo chini tusaidiane.

Ila nimalizie na benchi. Sauti ya mama ikatoka nyuma ya pazia, safi kabisa, hadi kucheka kwake alipokosea ubeti. Ndani Zuhura akaanza kuitikia.

Nami nikamuuliza Idi kwa sauti ya chini, "Sasa ukitoka hapo, mkanda utakuwa mtupu?"

Hakucheka.

"Hapana, ndugu yangu. Kompyuta inausoma tu. Mama yako sasa yupo kote kuwili."