Makuti ya Mtende

Mwaka wa pili tangu kuondoka Unguja tulikuwa Qurayyat, pwani ya Omani, katika chumba tulichopewa na mtoto wa ami yangu nyumbani kwake. Mkewe alimkirimu mke wangu kupita kiasi: hamwachi awashe moto, hamwachi ashike ufagio. Miezi saba mke wangu alikaa mkekani kama mgeni aliyefika asubuhi ile. Mimba ilipoingia mwezi wa nane aliniambia, kwa sauti ya chini, "Sitaki kuzaa nyumba ya watu."

Nikaomba kiwanja. Nikapewa ukingoni mwa mitende, pamoja na ruhusa ya kukata makuti. Kuta tulizijenga wawili, mimi na mtoto wa ami, kwa desturi ya pale: pongoo za makuti zilizopukutwa majani, zikasimamishwa bega kwa bega na kufungwa kamba. Kwenye paa tukahitilafiana. Yeye alitaka tulaze makuti mazima, juu yake mikeka, kisha udongo. Mimi nilikuwa nimeezeka nyumba tatu Unguja. Kwetu jani la mnazi hukunjwa juu ya ufito, likashonwa, na safu hupangwa kuanzia chini. Nikashona siku kumi na mbili. Jani la mtende ni jembamba na gumu, ncha yake huchoma, vidole vilinivimba. Mtoto wa ami alikuja akatazama.

"Ewe Mzinjibari," akasema, "umeushonea mtende kanzu."

Mke wangu hakuona kasoro. Siku ya kuhamia alifagia mara mbili, akapika wali, akaketi ndani ya mlango wake.

Wiki ya pili majani yalisinyaa. Mchana vidoa vya jua vilijaa sakafuni. Nikaongeza safu, nayo ikasinyaa. Kisha, baada ya sala ya alasiri, ikanyesha mvua. Nilipanda na mkeka, upepo ukaninyang'anya. Chini, mke wangu alikuwa akihamisha godoro kutoka pembe hadi pembe, mpaka pembe zikamwishia.

Mtoto wa ami alikuja na mkewe na jirani mmoja mwanamke. Hakunicheka, afadhali angenicheka. Wanawake wale walimshika mke wangu huku na huku wakamrudisha kwa mtoto wa ami. Alipita mbele yangu bila kunitazama.

Asubuhi yake walikuja wanaume watano, wakang'oa paa langu, wakaanza kulaza makuti mazima. Mimi walinipa kazi ya kushika kamba chini. Jua lilikuwa limepanda mke wa mtoto wa ami alipofika, akasema amezaliwa mtoto wa kike, na wote wawili wazima. Sikuweza kuiachia kamba. Boriti iliyofungwa nayo ilikuwa imebeba mtu.

"Mwenyewe kasemaje?" nilimuuliza.

"Arobaini yake ataimaliza kwangu."

Wa juu wakanipa hongera, kisha wakaniambia nivute. Nikavuta.