Kibati cha Babu

Shangazi aliniazima kibati cha shaba cha babu, kile alichovaa shingoni mgodini, chenye namba yake ya kazi. Nilitaka kukitolea nakala za plasta, kila mjukuu hapa Likasi apate yake, makelele ya kukigombania yaishe. Nikakiweka ndani ya kopo, nikayeyusha mpira wangu wa gelatini wa kutengenezea kalibu, nikaumimina juu yake. Kwa haraka zangu za kijinga sikukibandika kwenye kitako cha kopo, basi mpira ukapita chini yake, ukaganda, ukakimeza kizima.

Kisu nilikiogopa, kingekwaruza namba. Na shangazi huyo mlangoni, amekuja kukichukua.

Nikampa chai. Ndipo nikakumbuka kwamba mpira huu hata ukiganda huyeyuka tena, ndiyo maana niliununua. Nikarudisha donge zima kwenye sufuria, juu ya mbabula, jiko langu la makaa. Likalainika polepole, mpaka uma wangu ukagonga shaba. Nikakitoa.

Nikakiosha, nikampelekea. Akakifumba kiganjani.

“Mbona iko moto?”

Nikamwongezea chai. Akakiweka shavuni.

“Ilikuwa hivi hivi,” akasema. “Baba akitoka ku kazi, anaivula mu shingo, ananipatia.”