Ramani Iliyopindua Ziwa

Hadi leo nikikaa na shemeji yangu kwenye sinia moja, mkono wangu hausogei upande wake. Watu wa nyumbani wanasema nimerudi Ujiji na hasira za huko nilikozurura. Si kweli. Hii niliipatia hapa hapa.

Mimi na yeye tulikuwa tunatengeneza ramani ya simu kwa ajili ya wavuvi wa dagaa: kina cha maji, miamba inayochana nyavu, njia ya kuingia mwaloni Kagunga, pale mitumbwi inapoegeshwa, vyote kama wao wenyewe walivyotuelekeza. Kaka yangu, nahodha wa mtumbwi wa taa, ndiye aliyetuomba. Sisi hatuna chuo. Mimi nilijifunza programu baada ya sekondari, kwenye vibanda vya intaneti vya Mwanza na Mbeya, nikihama kila nilipochoka na mji. Kwa hiyo tulitegemea maktaba huria, yaani programu ambazo wenzetu wameziandika na kuiachia dunia bure. Moja ilichora ramani, nyingine ilipaka rangi za kina.

Zote mbili zilikuwa na darasa lenye jina moja, na darasa ni ule mpangilio unaoiambia kompyuta nukta ikae wapi kwenye kioo. La kwanza lilihesabu kutoka juu kwenda chini. La pili, kutoka chini kwenda juu. Kompyuta ilipoona majina yamegongana ikagoma. Niliwaandikia wenye maktaba. Mmoja akajibu kwamba jina ni lake, yeye ndiye aliyetangulia. Mwingine akasema nimwambie huyo wa kwanza abadilishe. Nikatukana peke yangu chumbani, kisha nikaenda Kasulu kumzika mama mdogo.

Huku nyuma mbalamwezi ikaanza. Mwezi ukiwaka hivyo taa haziwavuti dagaa, mitumbwi inapumzika na wavuvi wanashona nyavu. Shemeji akaona hapo ndipo pa kuwapata wote nchi kavu. Akafuta darasa moja, akalazimisha rangi zitumie lile lililobaki. Kompyuta ikanyamaza. Yeye akaona programu imepona, akawawekea watu kwenye simu.

Niliporudi nilimkuta mwaloni anapongezwa. Nikachukua simu ya kaka. Ramani ilikuwa sawa, lakini rangi za kina zilikuwa zimepinduka: mwamba ulioko kaskazini ya Kagunga umekaa kusini, na pale penye mwamba pamepakwa buluu ya maji marefu.

Mshona nyavu mmoja alichungulia, akacheka. "Shemejio kalilaza ziwa kifudifudi."

Mimi sikucheka. Mwezi ukipungua, kaka angepita pale gizani na vijana wake, akiiamini rangi yetu. Nikawaambia wote waifute, shemeji akiwa amesimama hapo hapo. Akanivuta pembeni, akalalamika kwamba nimemdhalilisha, kwamba kosa ni dogo, na kwamba wavuvi hawasomi ramani, wanaangalia rangi tu.

"Ndiyo hiyo rangi uliyoikosea," nikamwambia. "Kaka angezama, ungemzika wewe?"

Sikufuta darasa lolote. Nyumbani kwetu baba alikuwa na wake wawili, na kila mmoja alimpa mwanawe wa kwanza jina la babu. Hakuna mtoto aliyefukuzwa kwa hilo; tulisema wa nyumba ya juu na wa nyumba ya bondeni. Nikafanya vivyo hivyo: kila darasa nikalirudisha ndani ya maktaba yake, liitwe kwa jina la nyumba kwanza, na katikati nikaandika kipande kinachogeuza hesabu za moja zilingane na za nyingine. Haikuwa kazi kubwa. Ndilo linaloniudhi zaidi.

Kaka hakutaka maelezo. Alinipakia mtumbwini mchana kweupe, tukawasha injini mpaka kule kwenye mwamba. Rangi kwenye kioo cha simu yangu ikawa kahawia, yaani mwamba. Akatumbukiza upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, ukagonga jiwe. Tukasogea kidogo hadi kwenye buluu. Akautumbukiza tena, ukazama wote hadi mkono wake ukalowa.

Akaninyooshea simu yake.

"Weka tena, dogo. Ila huyo mwenzako asiiguse."

"Haigusi," nikasema.