Shikamoo Kabla ya Risasi

Juzi niliingia duka moja la kompyuta pale Mlabani kununua waya wa chaji, nikamkuta mzee wa miaka sitini na ushee akichagua vifaa vya kompyuta ya gemu. Vyote alivitaka vyeupe: kasha, feni, kadi ya picha, hadi nyaya.

"Mzee wangu, nyeupe kwa vumbi letu hili?" muuza duka akamuuliza. "Mwezi mmoja tu itakuwa rangi ya tofali."

"Nitaifuta. Sina kazi nyingine."

Akapitisha kidole juu ya kasha, taratibu, kama anayekagua mchele. Muuza duka akamwekea hedifoni mbili nyeupe. "Chukua zote, na mwenzio nyumbani acheze."

"Moja inatosha. Ila maiki iwe nzuri."

"Maiki ya nini tena, mzee?"

"Kule kwenye gemu kuna vijana wa Mwanza, wa Mbeya, sura zao sizijui. Wakisikia sauti yangu wananipa shikamoo kwanza. Nikishaitikia marahaba, ndipo wananipiga risasi."

Tulicheka wote watatu. Yeye ndiye aliyeacha kwanza.

"Maiki ya zamani ilipokufa," akasema, "wakawa wananiua bila salamu."

Nikalipia waya wangu nikatoka, kichwani nimeshaanza kuandika safu ya kuchekesha kuhusu wazee na michezo ya watoto. Nilikuwa nakaribia stendi nilipokumbuka kwamba nimesimama naye kaunta moja karibu nusu saa, mtu wa umri wa baba yangu, na sikumwamkia.